Mikono Yenye Vanila

Kazini walimwita Bwana Harusi, na kama ilivyo kawaida ya majina ya kubandikwa, jina hilo lilimwangukia mtu ambaye hajawahi kuoa. Chanzo chake kilikuwa harufu. Ukipishana naye kwenye ujia, shingo inageuka yenyewe, unadhani amepita mtu aliyetoka kupambwa, kumbe ni mwanamume wa miaka hamsini na saba mwenye suruali ya kaki iliyofifia magotini. Kwenye duka la mikate, waliosimama nyuma yake kwenye foleni walikuwa wakimuuliza muuzaji kama kuna keki iliyotoka sasa hivi. Muuzaji alishazoea. "Keki ndiyo hiyo imesimama mbele yenu," alikuwa akiwajibu, foleni nzima inacheka, naye anacheka nao. Kisha anachukua nusu mkate wake na kwenda zake.

Harufu hiyo ilikuwa ya vanila, na makazi yake yalikuwa mikononi. Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kidogo, watu kumi tu, lakini kilikuwa na bia moja iliyokipa jina: stauti ya maziwa, nyeusi, nzito, yenye povu la rangi ya chai ya maziwa. Usidhani wanamimina maziwa ndani ya bia. Hata mimi nilipoambiwa mara ya kwanza nilikunja uso. Wanachotia ni sukari inayotokana na maziwa, ambayo hamira, pamoja na ulafi wake wote, haiwezi kuila. Sukari nyingine hamira inazigeuza pombe, hii inaiacha ilivyo, ndiyo maana bia hiyo inateleza kooni bila kugombana na mtu. Kwanza unakutana na kimea kilichokaangwa, kikali kama kahawa. Baadaye inakuja vanila.

Vanila hiyo ilipita kwenye vidole vyake ganda baada ya ganda. Maganda yaliletwa yamefungwa mafungumafungu, meusi, laini, membamba kuliko penseli. Alikuwa akilaza moja juu ya kibao, analipasua kuanzia kichwa hadi mkia, analifungua kwa vidole viwili, kisha kwa mgongo wa kisu anazikwangua mbegu, ambazo ni ndogo kuliko chembe za unga, na kuzitia kwenye mtungi wa kioo. Ganda tupu lilifuata humo humo. Mtungi ukijaa ulimiminiwa pombe kali, ukafungwa siku kumi, ndipo ulipokwenda kumwagwa kwenye tangi. Tangi moja lilikula maganda mia na ishirini. Kwa miaka sita aliifanya kazi hiyo peke yake, kwenye chumba chenye meza moja, dirisha moja na kiti kimoja.

Kabla ya hapo alikuwa fundi saa, mpaka watu walipoanza kutazama saa kwenye simu, akabaki na droo iliyojaa saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Na katika miaka hiyo hiyo ya kutengeneza saa alimuuguza mama yake. Mama alipata kiharusi akalala miaka tisa. Kulikuwa na mchumba wakati huo. Mchumba alisubiri mwaka wa kwanza, akasubiri wa pili, wa tatu akasema ukweli wake kwa adabu na kuondoka, na Bwana Harusi hakumlaumu, maana mtu hawezi kukaa ukweni akisubiri msiba. Mama alipozikwa, fundi alijikuta ana mikono miwili yenye ustadi na haina la kufanya. Kiwanda kilikuwa kinatafuta mtu wa kukwangua vanila bila kupoteza mbegu. Mkono uliozoea kushika springi ya saa kwa koleo, kwa ganda la vanila ni mchezo.

Kwake kulikuwa na vyumba viwili. Alipika, alikula amesimama karibu na jiko, aliosha sahani moja. Jumapili dada yake mkubwa alipiga simu. "Umekula?" "Nimekula." "Unaumwa?" "Siumwi." "Haya, watoto wanakusalimu mjomba wao," na kwa nyuma hakukuwa na sauti ya mtoto yeyote, maana wote walishakuwa watu wazima wenye kwao. Kila mwisho wa mwezi kiwanda kiliwapa wafanyakazi chupa mbili mbili za stauti. Moja aliinywa Jumamosi mchana karibu na dirisha. Ya pili aliiweka rafuni kwa ajili ya mgeni. Wageni hawakuwa na haraka, na rafu ilijaa, akaanza kuzipanga chini ya kitanda.

Hata hiyo aliyoinywa hakuwahi kuwa na hakika nayo. Akiinua glasi, vidole vinafika puani kabla ya bia. Hakujua kama vanila anayoisikia imetoka kwenye chupa au kwenye kucha zake. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye chake kilikuwa karibu zaidi ya nguo.

Kwa sababu hiyo hakuwahi kuonja pamoja na wenzake. Kila Alhamisi saa nne asubuhi wafanyakazi wanane waliingia kwenye chumba cha kuonjea, wakakaa kila mmoja kwenye kibanda chake cha mbao, chini ya taa nyekundu inayoficha rangi ya bia, bila manukato, bila kuvuta sigara, bila kuzungumza. Aliyewasimamia alikuwa mwanamke wa maabara, wa umri unaokaribiana na wa Bwana Harusi, ambaye watu walimwita Mama Vipimo. Alikuwa na utaratibu kuliko mwalimu wa zamu. Mwaka wa kwanza alimsimamisha Bwana Harusi mlangoni, akavuta hewa mara mbili, akasema, "Samahani kaka, mikono yako inaniharibia meza nzima." Alisema bila ubaya. Na ilikuwa kweli, naye akarudi chumbani kwake.

Basi Alhamisi alibaki na maganda yake na kusikiliza kupitia ukuta. Nusu saa ya kwanza ni kimya. Kisha mlango unafunguliwa na watu wanatoka wakiongea wote kwa pamoja, huyu anaapa glasi ya pili ilikuwa na chachu, yule anamwambia ulimi wake umekufa tangu mwaka juzi, chai inamiminwa, vicheko. Kisu chake kilikuwa kikisimama wakati huo. Mara nyingi mtu mmoja alipita na kuchungulia, "Bwana Harusi, wameisifia vanila yako," na kabla hajajibu mtu huyo alishafika mbali. Hata hivyo alikuwa akijibu, peke yake.

Jumatatu moja Mpishi aliingia chumbani kwake. Mpishi ndiye mwenye kiwanda na ndiye anayepika bia, mtu wa miaka arobaini hivi, zamani mwalimu wa kemia, mcheshi kupita kiasi. Siku hiyo hakutania. Alikuwa na kichupa kidogo mkononi.

"Kaka, nusa hii."

Bwana Harusi alinusa. "Peremende."

"Ni vanila ya chupa. Unatia matone, basi. Hakuna kungoja siku kumi, na ladha ya leo ndiyo ya mwakani. Yale maganda, usinielewe vibaya, mwezi huu matamu, mwezi ujao yananuka tumbaku. Wateja wameanza kuuliza kulikoni."

"Sasa?"

"Sasa Alhamisi tunaonja. Kila mtu glasi tatu. Mbili ni bia moja, ya tatu ni nyingine, moja imetiwa maganda na moja imetiwa hii. Mtu aseme ipi iko peke yake. Wakipatia sita kati ya wanane, maganda yanabaki na mimi nanyamaza. Wasipofika sita, ina maana tofauti iko vichwani mwetu tu, tunahamia kwenye chupa."

"Na mimi nitahamia wapi?"

Mpishi aliegemea fremu ya mlango, akajikuna shingo. "Sitakudanganya. Kazi nyingine zote hapa ni za kubeba mapipa, na mgongo wako naujua. Ningekuwa na ya kukupa ningekupa."

Hiyo ni heshima, kuambiwa ukweli usoni. Lakini ukweli ukishaingia chumbani unabaki na wewe mwenye chumba. Jumanne jioni alimpigia dada yake bila kusubiri Jumapili, dada akashtuka akidhani kuna msiba.

"Ukiachishwa, njoo kwangu," dada alisema. "Kochi lipo."

"Nije kufanya nini?"

"Kukaa. Kwani mtu akija kwa ndugu yake anafanya nini?"

Usingizi ulimpaa akiliwaza neno hilo, kukaa. Mshahara haukumuuma sana, alikuwa mtu wa nusu mkate, angejibana. Kilichomuuma ni kwamba katika dunia yote palikuwa na mlango mmoja tu ambao asipoingia asubuhi kuna mtu angeuliza yuko wapi. Na sasa mlango huo uliwekwa kwenye ndimi za watu wanane, naye hakuwa mmoja wao.

Alhamisi alikaa na kisu chake kama kawaida. Saa nne ikapita, kimya kikaja kwa wakati wake. Alipasua ganda la kwanza vibaya, la pili vibaya, akaweka kisu chini. Mara mlango wa chumba chake ukafunguliwa, na hakuwa mtu wa kupita. Alikuwa Mama Vipimo, amevaa koti lake jeupe.

"Dereva ana mafua," alisema. "Pua imeziba, hawezi kutofautisha bia na maji ya kufulia. Nina waonjaji saba tu, na mimi mwenyewe nimezipanga glasi, siwezi kuonja. Njoo."

"Mikono yangu?"

"Tuione hiyo mikono."

Alimpeleka kwenye sinki la maabara. Sabuni haikuruhusiwa kwa sababu ya harufu yake, kwa hiyo alimsugua kwa chumvi, kisha kwa limau, kisha kwa kijiko cha chuma chini ya maji yanayotiririka. Alimkausha, akakishika kiganja chake na kukinusa kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Bado," alisema.

"Glovu?"

"Glovu ni mpira. Utanusa mpira."

"Mrija je?"

"Bia hii ukiinywa kwa mrija unakunywa nusu yake, pua haipati kitu." Alitazama saa ya ukutani. Wenzake saba walikuwa wameshamaliza, wamekaa nje wamekatazwa kuzungumza mpaka wa nane aonje, na watu wale kukatazwa kuzungumza kulikuwa adhabu. "Tufanye hivi. Keti, weka mikono nyuma ya kiti. Nitakunywesha."

Alikaa kwenye kibanda cha mwisho. Taa nyekundu ilimfanya kila mtu aonekane ametoka jikoni. Akapeleka mikono nyuma na kuishikanisha, kama mtoto aliyeonywa asiguse vitu vya wenyewe. Mama Vipimo alitoka nyuma ya pazia na sinia lenye glasi tatu ndogo, akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana, akatandaza kitambaa cha karatasi chini ya kidevu chake na kukishikilia kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akainua glasi ya kwanza.

Bwana Harusi alijua kunywesha. Miaka tisa si mchezo. Alijua kwamba asiyejua anamimina, na anayejua anasubiri: unagusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini na kutulia hapo, mpaka mnywaji mwenyewe afungue, ndipo unainamisha kidogo, na macho yako yanakaa kooni kwake mpaka ameze. Mama Vipimo alisubiri. Glasi ilitulia kwenye mdomo wake wa chini, baridi, na mkono ulioishika haukuwa na haraka yoyote. Alijua, huyu mwanamke. Mahali fulani aliwahi kumuuguza mtu wake.

Akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita bia ilimfikia kabla ya vidole vyake. Kwanza kilikuja kimea, kikali, kikavu, halafu ule utelezi wa sukari ya maziwa ukatanda kila mahali na kuupoza ule ukali, akameza, akadhani imekwisha. Kisha vanila ikaja. Ilikuja mwisho, polepole, kwa nyuma, na harufu ya mti ndani yake. Hiyo aliifahamu hata kama hakuwahi kukutana nayo hapo, ilikuwa yake, alikuwa ameikwangua kwa kisu.

Mama Vipimo alimpa maji, naye akayanywa kwa utaratibu ule ule. Glasi ya pili. Vanila ilikuwa mbele kabisa, kabla hata ya kahawa, tamu, yenye kelele, na alipomeza hapakuwa na kitu nyuma yake. Peremende. Maji tena. Glasi ya tatu, na vanila ikachelewa tena ikaja kwa nyuma.

Ya kati ndiyo iliyokuwa peke yake. Hakukuwa na swali. Mtoto mdogo angeijua. Alifungua mdomo aseme, na hapo akamwona Mama Vipimo akikunja kile kitambaa cha karatasi, mkono mmoja tayari uko mezani kujisaidia kusimama.

"Naomba tena," alisema.

"Hujaipata?"

"Sijashika vizuri. Inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa. Bora kurudia kuliko kukisia." Sauti yake ilionyesha amefurahi kupata mwonjaji makini. Akabeba sinia, akaenda nyuma ya pazia. Glasi ziligongana kidogo, bia ilimiminwa, akarudi na glasi tatu zilizojaa, akatandaza kitambaa kipya na kukishika chini ya kidevu.

Safari hii Bwana Harusi hakusumbuka na vanila. Jibu alikuwa nalo tayari, kama mtu mwenye tiketi mfukoni. Alisikia mkono tu. Kidole kimoja kiligusa taya yake kuielekeza juu, kikabaki pale. Tangu mama afe, aliyewahi kumgusa uso ni kinyozi, na kinyozi huongea na mtu wa kiti cha pili. Huyu alikuwa akitazama koo lake, akisubiri ameze, na kwa muda wa funda moja la bia hakuna jambo jingine duniani alilokuwa akilishughulikia ila yeye.

Na hapo mama yake alimjia, bila kuitwa. Mama ambaye katika miaka ile ya mwisho alikuwa akiomba maji kila wakati. Anampa, anakunywa mafunda mawili, anageuza uso. Fundi anarudi kwenye saa zake, hajafika mezani, mama anaita tena, maji. Siku nyingine alimkaripia. "Mama, si umekunywa sasa hivi? Kikombe kimejaa hiki hapa." Na mama alikuwa akimtazama tu. Miaka yote hiyo aliamini ni ugonjwa, kwamba kiu yake imeharibika. Kumbe hakuwa na kiu. Laiti angejua, angeziacha saa za watu zioze.

Machozi yalimtoka kidogo, lakini chini ya taa nyekundu machozi na jasho ni kitu kimoja.

"Naomba tena," alisema ilipokwisha glasi ya tatu. "Ya mwisho."

Mama Vipimo alimtazama kidogo, akaenda nyuma ya pazia, akarudi. Duru ya tatu aliinywa polepole kuliko zote. Povu likamgandia juu ya mdomo, naye akafutwa, si kwa haraka, pande zote mbili. Alipomaliza alijua kwamba hawezi kuomba ya nne bila kuonekana mlevi.

"Haya," alisema. "Ya kati."

"Una hakika?"

"Kabisa. Ya kati ndiyo tofauti."

Mama Vipimo aliandika. Kisha hakusimama. Alizipanga karatasi nane mezani, akazipitia moja moja kwa ncha ya kalamu, akarudi kwenye ile ya mwisho, akaigeuza, akaitazama tena.

"Wamepatia watano," alisema.

"Na mimi wa sita."

"Wewe umekosa, kaka."

Bwana Harusi alicheka, maana alidhani ni utani. "Haiwezekani. Ya kati ni ya chupa. Ni peremende tupu, inakuja mbele, nyuma haina kitu."

"Ya kati ilikuwa ya chupa duru ya kwanza," Mama Vipimo alisema taratibu. "Mtu akiomba kurudia, nabadilisha. Glasi mpya, namba mpya, mpangilio mpya, ili asijibu kwa kukumbuka. Duru hii ya tatu, ya chupa ilikuwa glasi ya kwanza. Wenzako wote wanajua hivyo, tangu mwaka ule tulipoanza." Akaiweka kalamu chini. "Wewe sikukuambia. Nilisahau kuwa hujawahi kukaa hapa."

Nje ya mlango mtu alikohoa, pengine Mpishi, amechoka kungoja.

"Ina maana ulijua tangu duru ya kwanza," Mama Vipimo alisema.

"Nilijua."

"Sasa ulirudia za nini?"

 Mikono yake ilikuwa bado nyuma ya kiti, alikuwa amesahau kuitoa.

"Nisikilize," alisema Mama Vipimo, akateremsha sauti. "Nina haki ya kufuta jaribio zima tukarudia kesho, na kesho utapatia, mimi sina wasiwasi. Lakini Mpishi ataisoma fomu hii, na lazima pawe na sababu. Siwezi kuandika tu kwamba mtu alijua akanyamaza. Nipe sababu niiandike."

Sababu ilikuwepo. Ilikuwa fupi, ingetosha kwenye mstari mmoja wa fomu, na ingemrudishia chumba chake, meza yake na kisu chake. Aliiona jinsi itakavyosomwa na Mpishi kwa sauti, kisha na wasichana wa kujaza chupa, kisha na dereva mwenye mafua, na mwisho itafika mpaka duka la mikate. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba.

"Nikikuambia, hutaandika?"

"Nisipoandika haitasaidia kitu."

"Usiandike." Alitazama glasi zilizobaki na povu pembeni. "Ningesema mapema, ungeiweka glasi chini."

Mama Vipimo hakuelewa, kisha akaelewa. Alikitazama kile kitambaa cha karatasi mkononi mwake kana kwamba hakujua kimefikaje hapo. Mlango uligongwa. "Vipi humo ndani, tumepata ngapi?" Ilikuwa sauti ya Mpishi.

"Andika kwamba sikujua," alisema Bwana Harusi.

Aliandika. Mkono wake ule usio na haraka ulichukua muda mrefu kwa neno moja. Wakati Bwana Harusi anasimama kutoka, akisikia nje wameshafunguliwa midomo na wanaanza kuongea wote kwa pamoja, Mama Vipimo alimshika kiwiko.

"Kaka," alisema, "si ungeniomba tu."

Alikwangua maganda yaliyobaki mpaka saa ya kutoka, vizuri, bila kupoteza mbegu, kisha akaaga kama siku zote na kwenda nyumbani kwa miguu. Njia nzima alikuwa akiitafuta namna ya kuomba. Alijaribu kwa adabu, alijaribu kwa utani, alijaribu kama mgonjwa na kama mtu mwenye afya yake. Alijaribu kumwomba Mama Vipimo, akajaribu kumwomba dada yake kwenye simu, akajaribu hata kumwomba kinyozi. Kila mara alianza na naomba, maana maombi yote huanza hivyo, na alipofika mlangoni kwake na kutoa ufunguo alikuwa bado yuko kwenye neno hilo la kwanza.